Baba amefundisha dini miaka arobaini, sasa anataka nimthibitishie Mungu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 34, mwalimu wa hisabati katika sekondari moja mjini Tanga, nina mke na watoto wawili. Nimesita kuandika kwa sababu wenzangu humu huleta mambo ya ndoa, mirathi na mikopo, na langu silijui hata liwekwe fungu gani.

Baba ana miaka 76, anaishi Pangani. Amekuwa mwalimu wa chuo cha Kurani kwa zaidi ya miaka arobaini, na wanaume wengi wa mtaa ule wameionja bakora yake. Nami nilisoma kwake. Kabla sijajua kuandika jina langu nilikuwa naziimba sifa ishirini za Mwenyezi Mungu, wujudi, kidamu, bakaa, mpaka mwisho, huku macho yamefumba kwa usingizi. Mama alifariki mwezi wa nane mwaka jana baada ya kuugua. Tangu hapo baba anakaa na mjukuu, mtoto wa dada yangu, nami huenda kila Ijumaa jioni na kurudi mjini Jumapili.

Usiku mmoja wa Februari nilisikia komeo la mlango. Ilikuwa kama saa nane. Nikatoka, nikamkuta kakaa barazani, tasbihi mkononi lakini vidole havitembei. Hakunitazama. Akasema: "Wewe umesomea mambo ya kuthibitisha. Hebu nithibitishie kwamba Mungu yupo. Usiniletee aya, aya ninazo. Niletee akili tupu."

Nikacheka, nikidhani utani. Yeye hakucheka.

Wiki iliyofuata nilikwenda na hoja niliyoiandaa: kila kilichoanza kuwapo kina aliyekianzisha, ulimwengu ulianza, basi una aliyeuanzisha. Alikuwa anamenya chungwa, ganda linashuka refu bila kukatika, kawaida yake. "Nimeona ngalawa ikianza," akasema. "Ilianza kwenye mwembe. Mwembe ulianza kwenye kokwa. Kokwa nalo lilikuwa ndani ya embe. Katika umri wangu huu sijaona kitu kikianza, naona vitu vikigeuka. Wewe umeona kimoja kikianza hasa, kutoka si kitu?"

Wiki ya pili nikaja na nyingine: kila tunachokiona kingeweza kutokuwapo, kwa hiyo kinasimamishwa na kingine, na vyote kwa pamoja vinahitaji Kimoja ambacho hakiwezi kutokuwapo. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Chuoni kwangu kila mtoto ana mama yake," akasema. "Sasa niambie, chuo chenyewe mama yake nani?"

Ya tatu ilikuwa ya mpangilio, ile ya ukiokota saa njiani lazima ujue ina fundi. Hapo hakunipa hata nafasi ya kumaliza. "Saa nimeziona nyingi, na fundi wake namjua, yupo pale sokoni. Dunia nimeiona moja tu, na siku inatengenezwa sikuwapo. Halafu kile kivimbe cha mama yako, nacho kilipangwa vizuri hivyohivyo?" Akaongeza neno jingine kuhusu mama kwa sauti ndogo, sikulisikia sawasawa, kwa kuwa nilikuwa nimeshafungua daftari natafuta jibu la lile la dunia moja.

Shangazi, sasa nina kauntabuku zima limejaa hoja na majibu ya hoja. Dada yangu mkubwa alipojua alinijia juu. Anasema ninamfungulia shetani mlango kwa mzee aliyebakiza siku chache, na kwamba akiondoka katika hali hii mzigo ni wangu mpaka kiyama. Anataka tumwite shehe fulani kutoka mjini aje kumnyoosha. Naogopa fedheha: mwalimu wa watu wote wale kuja kusomeshwa barazani kwake. Nimefikiria hata kumdanganya, nimwambie nimepata ithibati kamili, ndefu, asiyoweza kuifuata, ili alale.

Na kuna ambalo sijamwambia mtu. Mimi mwenyewe nikisujudu siku hizi najikuta nakagua, kama ninayesahihisha mtihani. Darasani nikithibitisha kanuni ya Pythagoras nafika mwisho nachora mstari, yamekwisha. Kwa hili sifiki. Je, akili peke yake inaweza kumthibitisha Mungu au haiwezi? Kama inaweza, nimfikishe baba. Kama haiwezi, nifanye nini na huyu mzee anayenisubiri kila Ijumaa?

Mwana wa Mwalimu, Tanga

*

Marahaba mwanangu,

Pole kwa kuondokewa na mama. Barua yako imepita hapo mbio, mimi nitarudi.

Nikisema kwa kifupi ulichoniletea: baba amekuuliza swali kubwa, umelishika kama mwalimu wa hisabati anavyoshika swali, kila jibu unalompelekea analirudisha likiwa na tundu, dada anakutisha kwa kiyama, na katikati ya mvutano huo sijida yako mwenyewe imepoteza utulivu. Umeniuliza kama akili inatosha, kisha nini ufanye na mzee. Umeyafunga maswali hayo mawili kwa kamba moja. Sina hakika kama yanatembea pamoja.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilishika kalamu, nikitafuta mahali ambapo baba yako anasema ana shaka. Sijapaona. Kasema "nithibitishie". Kasema "aya ninazo", na mtu aliyezitupa aya zake hasemi hivyo. Habari ya kupotea imetoka kwa dada yako, na wewe umeipokea. Huenda shaka anayo, siwezi kumsemea mzee ambaye sijamwona uso. Lakini hujamuuliza, na dada hajamuuliza, na tayari mnajadili shehe wa kumnyoosha.

Kuna jambo jingine ambalo wewe, uliyeziimba sifa ishirini ukisinzia, pengine hukulipata kwa sababu ya usingizi. Mpangilio ule umeenea sana kupitia akida, yaani maelezo ya misingi ya imani, ya Muhammad bin Yusuf as-Sanusi, mwanazuoni wa Tlemcen, Algeria, wa karne ya 15. Yeye hakuishia kuziorodhesha, alitoa na dalili za akili za kuzithibitisha, na alikuwa mkali kwa mtu anayeamini kwa kufuata wakubwa wake tu bila kujua kwa nini. Kwa hiyo baba yako anapotaka akili tupu hajatoka nje ya chuo chake. Miaka arobaini amewaimbisha watoto wa watu nusu ya kwanza ya somo, maana nusu ya pili haimbiki. Inawezekana sasa, watoto wakiwa wameondoka na nyumba imenyamaza, ndiyo amefika nusu ya pili na hana wa kusoma naye isipokuwa wewe. Inawezekana pia kwamba sivyo kabisa. Nakuomba tu uyaweke yote mawili mezani.

Sasa swali lako. Mimi si mwanazuoni, nakujibu ninavyoona.

Wakubwa hawakukubaliana. Ibn Sina, mwanafalsafa wa Kiislamu aliyefariki 1037, ndiye mwenye ile hoja yako ya pili, ya Kile ambacho hakiwezi kutokuwapo, na aliiona imesimama. Kanisa Katoliki mwaka 1870, katika Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, lilitamka rasmi kwamba Mungu anaweza kujulikana kwa hakika kwa nuru ya akili ya binadamu. Kant, mwanafalsafa Mjerumani, alikwisha kuandika mwaka 1781 kwamba akili ikifika huko inaogelea nje ya kina chake, ila akaongeza kwamba anayetaka kuthibitisha kuwa Mungu hayupo naye amezama palepale. Na swali la baba yako la chuo na mama limenichekesha peke yangu hapa. Mwaka 1948 mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell alijadiliana na padre Mjesuiti, Frederick Copleston, katika redio ya BBC, na akasema karibu hilohilo: kila mtu ana mama, lakini haifuati kwamba jamii nzima ya watu nayo ina mama. Padre akajibu kwamba yeye hamtafuti mama mwingine wa aina ileile, anatafuta chanzo kisichokuwa ndani ya mnyororo wenyewe. Walimaliza bila kukubaliana. Mzee wako kafika hapo bila redio, kwa kuwatazama watoto wa chuoni kwake. Usimwonee huruma kupita kiasi.

Ila kwa kuwa wewe ni mtu wa hisabati, nikuletee mtu wa kwenu. Kurt Gödel ndiye aliyeonyesha mwaka 1931, akiwa bado kijana, kwamba mfumo wowote wa hesabu wenye nguvu ya kutosha na usiojipinga una kweli ambazo wenyewe hauwezi kuzithibitisha. Huyohuyo, ukubwani, alikaa akaandika ithibati ya kuwapo kwa Mungu, kwa alama tupu, kama mlinganyo. Alimwonyesha mwenzake mwaka 1970 lakini hakuichapisha. Ilitoka mwaka 1987, yeye akiwa amefariki tangu 1978. Mwaka 2013 watafiti wawili waliingiza kwenye kompyuta toleo lililonyooshwa na yule mwenzake, na kompyuta ikapitisha kila hatua. Hatua zote sahihi. Basi mabishano yamekwisha? Hayakwisha. Kompyuta ilikagua njia, haikukagua pa kuanzia. Ukikubali yale madai ya mwanzo, utafika anakokupeleka utake usitake. Ukiyakataa, hujafanya kosa la hesabu.

Chukua chungwa la baba yako. Lipasue katikati, kisha kila nusu uikate mara mbili kwa msalaba, upate vipande vinane. Tazama ganda la kipande kimoja: ni pembetatu yenye pembe tatu, na kila pembe ni nyuzi 90. Jumla 270. Wewe kila mwaka unawathibitishia wanafunzi kuwa ni 180, na huwadanganyi. Umeanzia kwenye ubao ulionyooka, na kwa ubao ulionyooka ithibati yako haina tundu. Nionavyo mimi, hoja zako kwa baba hazikuvunjika njiani. Yeye amekuwa akikuuliza unaanzia wapi. "Umeona kimoja kikianza kutoka si kitu?" ni swali la pa kuanzia. Na pa kuanzia hapathibitishwi. Mtu hupakubali, au hupakataa, au hukaa nje ya mlango akifikiri. Kwangu hilo haliifanyi akili kuwa bure, maana hoja nzuri humwonyesha mtu kwamba anachokiamini si upuuzi, na hilo si dogo kwa mtu aliye macho saa nane usiku. Wapo wanaodai zaidi ya hapo kwa akili, na wapo wanaodai pungufu, nao si wajinga.

Baba yako lazima anamjua Ghazali, yule mwanazuoni mkubwa wa Kiislamu. Katika kitabu alichoandika kuhusu maisha yake alieleza jinsi alivyoshikwa na shaka kwa karibu miezi miwili, asiamini hata macho yake, na kwamba hakupona kwa kupanga dalili. Alipona kwa nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake. Baadaye, mwaka 1095 huko Baghdad, akiwa mwalimu mwenye jina kuliko wote, ulimi ulikataa kusomesha, akaacha kiti chake akaondoka. Wala hakuitupa mantiki. Aliendelea kuitumia maisha yake yote. Mwalimu wake, Juwayni, inasimuliwa kwamba alipokaribia kufa alitamani afe na imani ya vikongwe wa mji wa Nishapur, baada ya vitabu vyote vile. Nakutajia haya ili ujue mahali ulipo wamepita wenye elimu. Sikutajii umsomee baba kama dawa. Atakuambia anayajua, na atakuwa na haki.

Nimrudie mama sasa.

Ibn Tufayl, tabibu wa Andalusia aliyefariki 1185, alitunga kisa cha mtoto, Hayy bin Yaqdhan, aliyekulia peke yake kisiwani akilelewa na mnyama, swala jike. Hana kitabu, hana mwalimu, hana hata lugha, na kwa akili yake tu anapanda mpaka kumjua Mungu. Ni swali lako hasa, kwa sura ya hadithi. Wengi wanaokitaja kisa hiki hukimbilia kule juu anakofika. Mimi huniganda pale anapoanzia. Mtoto ana miaka saba, yule swala aliyemnyonyesha anazeeka na kufa. Anamwita, haitiki. Anamwangalia macho, masikio, haoni kilichoharibika. Basi anatafuta mawe makali na vipande vya matete, anampasua kifua, ataona ndani kilichoondoka ni kitu gani, ili akirudishe. Anaufikia moyo, anakuta chumba kimoja kitupu. Safari yote ya akili inatokea hapo.

Sasa soma tena barua yako. Mama amefariki mwezi wa nane. Baba ameanza kuuliza Februari. Hoja ya kwanza kaipangua kwa ngalawa, ya pili kwa watoto wa chuo na mama zao, ya tatu hakuweza kuimaliza kuisikia, kawahi kwenye kivimbe. Wewe umekiandika kivimbe kama pingamizi la hoja ya mpangilio, na kweli ni pingamizi, tena zito, wanafalsafa wanalo. Lakini aliyelisema ni mjane wa miaka 76, kwa mtoto wa yule marehemu. Naweza kuwa nakosea. Mimi naona barua, wewe ulikuwa barazani.

Kuhusu ya kufanya. Kuendelea na hoja zako si vibaya kama wewe na dada mnavyohofu. Mzee anakusubiri Ijumaa. Wazee wangapi wana la kusubiri Ijumaa? Hatari yake ni kwamba, kama anachokitafuta ni mahali pa kumweka mkewe, utakuwa unampelekea karatasi kila wiki naye anazidi kukaa peke yake na jambo lake, nyote mkiamini mnazungumza. Kuacha ghafla, kwa kumwogopa dada, kutamwambia kwamba swali lake limekutisha, na huenda asiulize tena mtu yeyote. La kumdanganya kwa ithibati ndefu sidhani litapita. Mtu aliyeiona dosari ya Ibn Sina kwa kuwatazama watoto wa chuoni atakukamata kabla hujafika ukurasa wa pili, na hapo atakuwa amepoteza wa kuzungumza naye.

Shehe wa kuja kumnyoosha naona ana hatari zote ulizozisema. Lakini wazo la dada lina punje ndani yake, usilitupe lote. Hakuna mzee wa rika lake, mwenye elimu, aliyemjua mama, awezaye kuja kunywa kahawa bila kutumwa? Mambo mengine mwanamume wa umri huo hamwambii mwanawe. Na dada naye kafiwa. Ukali wake wa kiyama huenda ni woga wa kuona nguzo ya pili ikiyumba ndani ya mwaka mmoja. Kaa naye bila daftari.

Jambo dogo ambalo hukuliandika: analala saa ngapi kwa siku? Anakula? Kazini anakwenda, au chuo kimefungwa? Huzuni ya msiba kwa wazee huvaa nguo nyingi, na kukosa usingizi kwa miezi ni jambo la kumpeleka hospitali, hata kama swali lake litarudi naye likiwa zima.

Na wewe. Kukagua ukiwa katika sijida kunaumiza, nakuamini. Usijiharakishe kujipa jina, wala aliyeritadi wala aliyesalimika. Umeishi na jambo hili ukiwa umelala toka utotoni, sasa umeamka nalo, na mtu akiamka ghafla hupepesa macho. Ila nakusihi uangalie: mara nyingine unapompelekea baba hoja, je, unamtafutia yeye au unajitafutia? Yote mawili ni halali. Kumwambia "baba, na mimi swali lako limeniingia" kunaweza kumwumiza. Kunaweza pia kuwa ndicho alichokuwa anakingoja. Wewe ndiye unayemjua uso wake.

Ukienda Ijumaa, kuna neno alilisema kuhusu mama kwa sauti ndogo wakati unafungua daftari. Muulize lilikuwa neno gani.

Shangazi